Kuni za Kwenda Zohali

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeelekezwa nianze kwa kusema hivyo, nami nasema kwa moyo mkunjufu: haipo, haijawahi kuwapo, na Waziri wake wa Nishati ni mzima wa afya na anawasalimu. Jina la nchi hiyo ninalo, ila kibali cha kulitaja bado kinashughulikiwa.

Mimi naitwa Mikidadi Ngwaya, Mshereheshaji Mkuu wa Taifa. Ile sauti mnayoisikia kwenye spika kila penye hema na viti vya plastiki, ndiyo yangu. Mimi ndiye niliyesema "makofi ya kilo tafadhali" siku kisima cha kijiji kilipozinduliwa, na ni mimi huyo huyo niliyesema "makofi ya kilo tafadhali" siku kisima kilipogundulika hakina maji. Sina upendeleo hata kidogo.

Watu wa nje wanadhani sheria mama ya nchi yetu ni katiba. Wapi! Sheria mama ni kwamba hakuna kitu kinachoanza bila mgeni rasmi. Kule kaskazini kuna daraja la zege, zuri ajabu, limekamilika zamani, lakini utepe wake haujakatwa. Basi wananchi wanavuka mto chini yake, maji kiunoni, wakiinua macho kulisifu. Mwaka juzi masika yalianza kabla ya kuzinduliwa. Loo! Mkurugenzi wa Hali ya Hewa alihamishwa siku ile ile, na mvua yote ya mwezi ule ikaandikwa kuwa ni umande.

Na mgeni rasmi huchelewa. Hilo si kosa, ni cheo. Diwani huchelewa kidogo, mkuu wa mkoa huchelewa zaidi, waziri huchelewa mpaka watoto wa kwaya walale, na Mtukufu Rais wetu, Mungu ampe umri, huchelewa mpaka wazee waanze kuulizana walikuja kufanya nini. Mimi kazi yangu ni kusimama mbele ya kipaza sauti na kusema mgeni rasmi yuko njiani. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyolitaja jina la mama yangu mzazi.

*

Mpango wa anga za mbali ulianzia mezani. Mtukufu Rais alikuwa amemaliza kula, akaegemea kiti, akatazama nyota, akauliza, "Na kule nako kuna watu?"

"Wapo, Mtukufu," akajibu Waziri wa Nishati, Mheshimiwa Tondoo, bila hata kumeza tonge. "Tena wanakuulizia."

Kesho yake bajeti ikapita. Akatafutwa mtu anayejua mambo hayo, akapatikana Daktari Havijawa Shemdoe, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyesomea mambo ya nyuklia ng'ambo kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo polisi walilichunguza kwa muda mrefu wasipate jibu. Akasimamishwa mbele ya Baraza la Mawaziri aeleze.

"Waheshimiwa," akasema, "kule kupita Zohali jua ni nukta tu. Mitambo ya umeme wa jua haifui dafu. Betri zinaganda. Chombo kikienda huko lazima kibebe kuni zake, na kuni zenyewe ziwe za kutoa joto bila moto, bila moshi, bila mtu wa kuchochea. Kuni hizo ni plutoniamu. Si ile ya mabomu, msiogope. Hii inakaa tu inatoa joto, na sisi joto tunaligeuza umeme."

"Inakaa na moto kwa muda gani?" akauliza Mheshimiwa Tondoo.

"Mtoto akizaliwa leo, akakua, akazeeka, akazikwa, kuni zitakuwa zimebaki na nusu ya joto lake."

"Na zinazimwaje?"

"Hazizimwi, Mheshimiwa."

"Hata wakati wa mgawo?"

"Hata wakati wa mgawo."

Mawaziri walimtazama mwenzao kwa huruma, maana wizara yake nzima, kuanzia yeye mpaka mlinzi wa getini, ilikuwa inaishi kwa kukata umeme. "Sasa," akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "wananchi watatujuaje kama tupo?" Mpango ukapitishwa hivyo hivyo, kwa sharti kwamba kuni hizo ziende mbali na zisirudi.

Kuzipika haikuwa kazi ya jioni moja. Daktari Havijawa alichukua madini yaitwayo neptuniamu, akayatia kwenye kinu cha nyuklia, akayaacha yaive taratibu. Akayatoa, akayachuja, akapata vumbi la kukaa juu ya ukucha wa kidole kidogo. Akarudia. Na kinu chenyewe, jamani, kilikuwa hakijafunguliwa rasmi, kwa hiyo kwa miaka kadhaa alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma na kukiwasha kwa jina la "majaribio ya taa." Wenzake aliosoma nao walimwita waende naye kwenye nchi zenye maabara za vioo, wakamwahidi nyumba na gari. Akakataa. Alipoanza nywele zake zilikuwa nyeusi ti. Vumbi lilipotosha kufinyangwa vidonge, vidonge vyekundu vinavyong'aa gizani kama makaa, na vidonge vikafungiwa ndani ya makopo manne ya chuma kisichopasuka hata kikianguka kutoka mbinguni, nywele zilikuwa nyeupe, na mwaka wake wa kustaafu ulikuwa umebisha hodi.

Chombo nacho kikawa tayari juu ya roketi yake. Jina lake rasmi lilikuwa Chombo cha Taifa cha Kuwasilisha Salamu za Mtukufu Rais Katika Anga za Mbali na Viunga Vyake. Daktari alikiita Kijumbe.

*

Siku alipokuja kuomba tarehe, nami nilikuwepo ofisini kwa Waziri, maana tarehe ni mali yangu.

"Mheshimiwa, sayari zimejipanga," akasema. "Mshtarii itapita mahali ambapo itakidaka Kijumbe na kukisukuma mbele, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea. Bila msukumo huo hakifiki. Mwisho wa nafasi hii ni mwisho wa mwezi wa sita."

Nikafungua ratiba ya Ikulu. "Mwezi wa sita Mtukufu Rais anafungua choo kipya cha uwanja wa ndege, kisha anafunga choo cha zamani, kisha anapokea salamu za pongezi kwa kufungua na kufunga. Nafasi ipo mwezi wa nane."

"Basi isogezwe," akasema Mheshimiwa Tondoo.

"Nini kisogezwe?" akauliza Daktari.

"Hiyo Mshtarii. Nani mkuu wake?"

"Haina mkuu, Mheshimiwa. Inalizunguka jua."

"Kila mtu ana mkuu wake, Daktari. Msikate tamaa mapema."

Kamati ya Kuishawishi Mshtarii ikaundwa mchana huo huo, yenye wajumbe wa kila mkoa, pamoja na mwakilishi wa vijana, mzee mmoja mcheshi sana mwenye wajukuu. Walipanda mlima mrefu kuliko yote nchini wakiwa na jenereta, spika na maji ya chupa, wakaisomea Mshtarii tamko la kurasa nyingi, lililoanza kwa kuitambua, kuishukuru kwa mwanga wake na kuikumbusha umuhimu wa mshikamano. Niliisoma taarifa yao waliporudi. Ilisema kwamba sayari husika ilipokea ujumbe kwa utulivu, haikuonyesha pingamizi lolote, ila iliendelea kwenda.

Daktari Havijawa alinifuata nje, kwenye korido. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka Mikidadi," akasema, "nafasi hii ikipita, Mshtarii hairudi mahali pale mpaka mimi niwe udongo. Nimekaa na vidonge vile muda mrefu kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu. Sitaki medali, sitaki barabara ipewe jina langu. Nataka kujua tu, kule gizani, kitawaka au hakitawaka. Nikifa sijui, nitakuwa nimefanya nini hapa duniani?"

Nilimwonea huruma, tena huruma ya kweli. Nikampangia kiti safu ya pili, chenye mto.

*

Hapo ndipo ilipoingia Kamati ya Chakula.

Niseme wazi, ugonjwa mkubwa wa taifa letu si malaria. Ni pilau kupoa. Mgeni rasmi akichelewa, pilau inapoa, mafuta yanaganda juu kama nta, na wageni wanakula huku wanatabasamu kizalendo. Mabingwa wamelihangaikia jambo hili tangu uhuru. Wamejaribu blanketi, wamejaribu kuweka sufuria juani, wamejaribu hata sala. Mtu mmoja aliwahi kushauri mgeni rasmi afike mapema. Hatukumwona tena kwenye vikao.

Mwenyekiti wa Kamati hiyo ni Bi Siwatu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye hata Mheshimiwa Tondoo humwamkia shikamoo. Alikuja kwenye maabara kukagua mahali pa kuweka meza, akaliona kopo moja juu ya benchi, akaweka kiganja. Akakiondoa. Akakirudisha.

"We Daktari, hiki kitu kina moto."

"Ndiyo, mama."

"Umekichomeka wapi?"

"Hakichomekwi, mama. Kina moto chenyewe."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka tufe wote, mama, na wajukuu zetu."

Bi Siwatu akakaa chini. Nilidhani amepatwa na kizunguzungu, kumbe ni furaha. "Ewe Mola wangu," akasema huku machozi yakimtoka, "kumbe hii ndiyo sayansi! Miaka yote hii wanatuambia sayansi, sayansi, sisi tunafikiri ni maneno tu!"

Makopo yote manne yakahamishiwa jikoni kwa gari la serikali lenye king'ora. Yakatandikwa chini ya masufuria. Mheshimiwa Tondoo aliitwa kuonja pilau iliyopikwa asubuhi, yeye akaja magharibi kama ilivyo haki yake, na ilipofunuliwa, mvuke ukampanda usoni. Alikula sahani tatu, kisha akatangaza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia nchi yetu imezalisha nishati ya uhakika, na kwamba matumizi yake ya kipaumbele yamepatikana.

"Na Kijumbe?" akauliza Daktari Havijawa.

"Kitaenda."

"Kitaenda na nini, Mheshimiwa? Bila kuni ni bati tupu!"

"Kitaenda kwa uzalendo," akasema Waziri. "Kwani lazima kifike na joto? Kikifika baridi, hao wenyeji wa huko wataelewa kwamba tumetoka mbali."

Daktari akavua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Nilitegemea atalia. Hakulia, akaniangalia mimi.

*

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana tunaingia kwenye fani yangu.

Mshereheshaji wa kawaida huenda kwenye sherehe akasherehesha. Mimi hufanya mazoezi. Nimetunga mwenyewe Kanuni ya Mazoezi Kamili, na inasema kwamba siku ya mazoezi kila kitu kiwe mahali pake kama siku yenyewe: hema, zulia, ngoma, shada la maua, mpaka yule mama wa kuzimia kwa furaha. Mimi ndiye huchukua nafasi ya mgeni rasmi, kwa kuwa koti lake linanitosha tumboni. Tunafanya mazoezi hata ya kuchelewa. Watu wanakaa juani, mimi najificha nyuma ya hema kwa muda wote unaostahili, na nikihisi nimekaa vya kutosha, najiongezea kidogo kwa ajili ya heshima.

Daktari Havijawa akaja ofisini kwangu, mpole kama maji ya mtungini.

"Kaka Mikidadi, nimesikia mazoezi yako hayana mfano."

"Watu husema," nikamjibu.

"Kwa hiyo siku hiyo kila kitu kitakuwa mahali pake?"

"Hata pini."

"Na makopo? Kwenye ratiba uliyokwisha kuipeleka Ikulu, makopo yako wapi?"

Nikakumbuka. Ratiba ilikwenda Ikulu kabla ya habari ya pilau, na mle ilisema makopo yako ndani ya Kijumbe. Na kitu kilichokwisha kwenda Ikulu hakibadilishwi, hata kama ni kosa, hasa kama ni kosa. "Yako ndani ya chombo," nikasema.

"Basi mimi sina neno," akasema. "Nisingependa tu mazoezi yako yaje yaitwe nusu mazoezi."

Nusu mazoezi! Mimi! Niliinuka nikaenda mwenyewe jikoni. Bi Siwatu alisimama mbele ya masufuria, mwiko mkononi.

"Yakitoka hapa hayarudi," akasema. "Nawajua nyie."

"Mama, ni mazoezi tu. Baada ya mazoezi unayachukua. Kanuni ni kanuni."

"Mikidadi, pilau ya watu hii ikipoa nitakula wewe."

Lakini alinipa. Mama yule ana moyo mzuri, na kanuni anaziheshimu. Mafundi wakayapandisha makopo, wakayafunga ndani ya Kijumbe, na Daktari mwenyewe akapanda ngazi kuyakagua, akashuka huku amejishika kifua.

Siku yenyewe ya mazoezi ilikuwa ya mwisho ya mwezi wa sita. Aliichagua Daktari, akisema hali ya hewa itakuwa nzuri. Akanielekeza mambo mawili. La kwanza, kipaza sauti kile kimeunganishwa na kinasa sauti kilichomo ndani ya Kijumbe, kwa ajili ya salamu za Mtukufu Rais. Kinasa kina nafasi ndogo. Kikijaa kinajifunga, na maneno hayo ndiyo Kijumbe kitakayokuwa kikiyarudia daima, huko kiendako na huku nyumbani, ili tujue kingali kizima. La pili, kitufe chekundu.

"Hiki ni kitufe cha mazoezi?" nikamuuliza.

"Ni kile kile cha siku yenyewe, kaka. Si ndivyo kanuni yako inavyotaka?"

Ndivyo inavyotaka. Nikashika kipaza sauti nikaanza kazi. Kwanza nilisherehesha kama mimi, nikawatuliza watu kwa yale maneno yangu. Kisha nikajificha nyuma ya hema mpaka kwaya ikalala. Kisha nikavaa koti, nikaingia kama Mtukufu Rais, nikapunga mkono, nikapokea maua, yule mama akazimia vizuri kabisa. Nikatoa hotuba ndefu ya kufaa, ingawa taa ya kinasa sauti ilikuwa imezima, kimeshajaa, kabla sijavaa koti, na mimi sikuiangalia, nani anaangalia taa anapokuwa Rais? Halafu nikaweka kidole juu ya kitufe.

Nikamwona Daktari Havijawa kwenye kiti chake cha safu ya pili. Ule mto alikuwa ameukumbatia. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama daktari anayetoka chumba cha upasuaji, hajasema bado.

Watu wameniuliza sana, tena wengine wakiwa wamekaa ng'ambo ya meza yenye taa kali, kama nilijua. Nami nawajibu kwamba kanuni inasema kitufe kibonyezwe. Nikakibonyeza.

Lahaula! Ardhi ilitikisika, hema likapaa, ngoma zikabiringika. Moto ulitoka chini ya roketi, roketi ikajiinua taratibu kama mtu mzima anayetoka kwenye kiti kirefu, kisha ikashika kasi, ikawa kijiti, ikawa cheche, ikapotea. Kwaya ikaamka na kuanza kuimba. Bi Siwatu akapiga kelele, "Makopo yangu!" Na Daktari Havijawa alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, analia na kucheka kwa pamoja, kamasi na machozi, akisema, "Kimekwenda! Kimekwenda, jamani, kimekwenda!"

Nikampigia makofi. Hakuna aliyeniambia nipige.

*

"Hakijaondoka," akasema Mheshimiwa Tondoo jioni ile.

"Mheshimiwa, tumekiona sote," nikamwambia.

"Mgeni rasmi alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Basi hakijaondoka."

Hoja ilikuwa haina pa kushikika. Taarifa ikatolewa kwamba kishindo kile kilikuwa cha umande. Fundi seremala akachonga Kijumbe kingine cha mbao, pamoja na roketi yake, kikapakwa rangi ya fedha na kupigiliwa misumari imara kisije nacho kikajiondokea. Daktari Havijawa hawakumfukuza, kwa sababu kumfukuza kungemaanisha amefanya kitu. Walimhamishia jikoni, awe Afisa wa Kupasha Chakula, bila kitu cha kupashia. Alikwenda na kisanduku chake cha kupokelea mawimbi, akakiweka karibu na gunia la vitunguu, na nikipita mchana nilikuwa namkuta kakiegemezea sikio, anatabasamu peke yake.

Mwezi wa nane ukafika. Mtukufu Rais aliwasili jua likiwa limegeuka rangi. Akapunga mkono, akapokea maua, mama akazimia. Akabonyeza kitufe. Kile cha mbao kikabaki pale pale kilipopigiliwa.

Umati wote ukanigeukia mimi. Kazi ni kazi. "Mabibi na mabwana," nikanguruma, "kimekwenda! Kimeondoka kwa kasi ya ajabu mno, hata sura yake imechelewa kuondoka nacho! Makofi ya kilo tafadhali!"

Yakapigwa. Mtukufu Rais akapigapiga mikono kuondoa vumbi ambalo halikuwapo, akaketi, pilau ikaletwa. Ilikuwa baridi. Alitafuna kidogo, akasita, akatafuna tena, na Bi Siwatu nyuma yangu akaanza kunisonya.

Mheshimiwa Tondoo aliona mambo yanaharibika. Furaha ya makofi nayo ilikuwa imempanda kichwani, akasahau kwamba ni yeye aliyesema hakijaondoka. Akasimama. "Mtukufu Rais! Sasa hivi tutasikia salamu zako zikirudi kutoka anga za mbali, moja kwa moja! Daktari, washa!"

Daktari Havijawa akatoka jikoni na kisanduku chake, aproni kiunoni. "Mheshimiwa, una hakika?"

"Washa!"

Akaunganisha waya kwenye spika zangu. Kukawa na mchakacho, kama mchele unaopepetwa. Kisha, kutoka mbali kupita mwezi, kupita njia zote ambazo mtu wa nchi yetu amewahi kwenda, ikaja sauti safi, nzito, iliyojaa heshima:

"Halo, halo. Moja, mbili. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Tunapenda kuwataarifu kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Yuko karibu kabisa. Tuendelee kuvuta subira. Wenye watoto, shikeni watoto."

Ilikuwa sauti yangu. Nilisimama na kipaza sauti mkononi, mdomo nimeufunga kwa nguvu kuonyesha kwamba si mimi.

Mtukufu Rais aliacha kijiko hewani. "Sauti hii naifahamu," akasema.

"Ni ya anga, Mtukufu," nikamjibu.

"Inasema mgeni rasmi yuko njiani."

"Ndivyo inavyosema, Mtukufu."

"Mgeni rasmi si mimi?"

Hapo sasa! Waziri akatazama viatu vyake. Wakuu wa mikoa wakatazama viatu vya Waziri. Kusema "ni wewe" ni kuiita anga ya serikali mwongo. Kusema "si wewe" ni kutafuta kifo. Tungali tukitazama viatu, sauti ikarudia tena: yuko njiani, yuko karibu kabisa.

Nilimwona Mtukufu Rais anabadilika. Sijawahi kumwona hivyo. Aliweka kijiko chini polepole, akafuta midomo, akafunga vifungo vya koti, akanyosha mgongo. Akatazama barabara. "Ni mkubwa kiasi gani huyo," akanong'ona, "mpaka anachelewa kuliko mimi?"

Akaamuru asiondoke mtu.

*

Basi ndivyo tulivyo mpaka sasa hivi ninapowasimulia. Tumekaa chini ya mahema, taifa zima. Kwaya imelala, imeamka, imelala. Pilau imeganda. Waziri amesinzia, kichwa kwenye bega la mwakilishi wa vijana. Kisanduku cha Daktari hakijazimwa, kwa sababu aliyeamuru kiwashwe hajaamuru kizimwe, na kila baada ya muda tunatulizwa kutoka juu.

Nimekwenda nyuma ya jukwaa nikamkuta Daktari Havijawa amekaa juu ya sufuria iliyofudikizwa, miguu ameinyosha, anatazama angani.

"Dada, kimefika wapi?"

"Kinaikimbilia Mshtarii," akasema. "Kinawaka, kaka Mikidadi. Kinawaka!"

"Na kitaendelea kusema vile mpaka lini?"

"Kuni zile? Mimi na wewe tutakuwa tumeoza." Akacheka, akajifuta macho. "Hata huyo aliyekaa pale mbele."

Nilirudi mahali pangu. Mtukufu Rais ameniita kwa kidole sasa hivi. Nikainama, akanisogezea mdomo sikioni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama choo kiko mbali, maana amebanwa tangu alipofika, na anaogopa mgeni rasmi asije akafika yeye akiwa hayupo.

Nikamwambia avute subira.